Fedha Iliyomo Ndani ya Fedha

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Mtu akisema "fedha", huenda anasema habari za madini yale meupe ambayo masonara wa Lamu na Unguja huyafua kuwa vikuku na pete; au huenda anasema habari za cho chote kinachopokewa dukani, hata kikiwa kipande cha karatasi. Zamani maana hizo mbili zilikuwa na haki ya kukaa pamoja, kwa sababu aliyelipwa fedha alilipwa madini yenyewe, akayapima kwa mkono wake. Siku hizo zimepita. Neno limebaki, na wako watu wanaolitumia kujipatia faida kwa hasara ya wengine.

Katika nchi ya majani chai, tangu Kericho hata Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet, nyumba nyingi zina mkebe. Mara nyingi ni mkebe uliotiwa majani chai hapo zamani, nao huwekwa chini ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo na kipande cha mzee. Ndani yake mna sarafu ambazo dukani hazipokewi tena. Mzee akiisha kufariki, watoto huufungua mkebe, na hapo mashauri huanza. Mmoja husema ni takataka. Wa pili amesikia kwamba sarafu moja ya wakati wa Waingereza yaweza kununua ng'ombe. Wa tatu anamjua mtu wa sokoni anayenunua sarafu za kale kwa bei moja, zote zilizo nyeupe sawasawa. Katika hao watatu, huyu wa mwisho ndiye awezaye kuitia nyumba hasara kubwa kuliko wote, kwa maana sarafu nyeupe za Afrika ya Mashariki hazikuwa sawasawa kamwe.

Mwenye mkebe hana budi kujiuliza maswali mawili, wala asiyafanye kuwa moja. La kwanza: Je, sarafu hii ilipigwa na mwenye haki ya kuipiga? La pili: Je, ina fedha kiasi gani? Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1950 ni halisi bila shaka yo yote, lakini haina fedha hata chembe. Kwa upande mwingine, mdanganyifu hodari aweza kupiga sarafu bandia kwa fedha safi kabisa na bado akapata faida, ikiwa bei ya madini ni ndogo kuliko kima kilichoandikwa juu ya sarafu. Na iko sarafu moja, ile reale, ambayo mwaka ulioandikwa juu yake si wa kweli, na hata hivyo ni sarafu ya haki. Habari zake zitafuata mahali pake.

Sarafu ya kwanza iliyozoewa na Wakipsigis ilikuwa rupia ya Uhindi. Ilikuja na reli, ambayo ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, ikipita kaskazini ya nchi yao katika stesheni ya Lumbwa, ambayo baadaye iliitwa Kipkelion. Vibarua walilipwa rupia, wenye maduka walihesabu kwa rupia, na kodi ya nyumba ilitozwa kwa rupia. Hata leo Mkipsigis akitaja fedha husema rabisiek, na mwenye masikio husikia rupia ndani ya neno hilo. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918, askari wa K.A.R. na wapagazi wa Carrier Corps walilipwa kwa sarafu hiyo hiyo, na waliojaliwa kurudi walirudi nayo. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa hayajawa bado. Kampuni ya Brooke Bond ilianza kazi Kericho mwaka 1924, na African Highlands, iliyo chini ya James Finlay, ilifuata muda mfupi baadaye. Kwa hiyo rupia ikionekana katika mkebe wa nyumba iliyozungukwa na chai pande zote, mara nyingi rupia hiyo huwa na umri mkubwa kuliko chai yenyewe.

Nayo ilikuwa sarafu nzuri. Uzito wake ulikuwa gramu 11.66, ndio uzito wa tola moja ya Kihindi, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 zilikuwa fedha, na zilizobaki zilikuwa shaba ya kuipa ugumu isichakae upesi. Ndiyo kusema kila rupia ilikuwa na gramu 10.69 za fedha safi. Kipimo hicho hakikubadilika wakati wa Malkia Victoria, wala wa Mfalme Edward wa Saba, wala wa George wa Tano. Serikali ya Uhindi haikuipunguza fedha ya rupia mpaka mwaka 1940, na mwaka 1947 ikaiondoa kabisa. Kampuni ya Imperial British East Africa iliagiza rupia zake mwenyewe mwaka 1888, zenye jina la Mombasa, kwa uzito ule ule na usafi ule ule. Wajerumani nao, walipopiga rupia zao kwa ajili ya Tanganyika, walifuata kipimo hicho, ili zipokewe na watu waliokwisha kuizoea ya Uhindi. Hizo ndizo sarafu zilizostahili kuitwa fedha kwa maana zote mbili.

Rupia za mwaka 1911 zina kisa chake. Mfalme George alichorwa amevaa mkufu wenye ndovu mdogo, na watu wa Uhindi walipomtazama ndovu yule waliona nguruwe. Waislamu walichukizwa, Serikali ikazizuia nyingi na kuziyeyusha, na ndovu akachorwa upya, mkonga wake ukionekana wazi. Fedha iliyomo ni ile ile, lakini wakusanyaji wa sarafu huitafuta rupia ya mwaka huo kuliko ndugu zake.

Senti 50 na senti 25 zilizopigwa kwa ajili ya Afrika ya Mashariki na Uganda kabla ya mwaka 1920, ambazo zilikuwa nusu ya rupia na robo ya rupia, zina sehemu 800 za fedha kwa elfu. Ni ndogo machoni, na kwa hiyo hudharauliwa. Wanunuzi huzipenda sana kwa sababu hiyo hiyo.

Mabadiliko yalikuja baada ya vita. Kabla yake rupia ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza, yaani peni 16. Ndipo bei ya fedha ikapanda duniani pote, hata mwezi wa Februari 1920 aunsi moja ya fedha ya kipimo cha Kiingereza ikafika peni 89 na nusu mjini London. Mwenye kupiga hesabu ataona jambo la ajabu: madini yaliyokuwa ndani ya rupia moja yalikuwa na thamani ya peni 33 hivi. Sarafu iliyoyeyushwa ilikuwa na thamani kubwa kuliko sarafu nzima. Hakuna serikali iwezayo kudumu na sarafu za namna hiyo, kwani tanuru za masonara zitazila zote. Uingereza yenyewe, ambayo kwa karne nyingi ilipiga sarafu zake kwa sehemu 925 za fedha kwa elfu, ilishuka mwaka huo huo mpaka sehemu 500.

Kwa nchi zetu hizi Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwezi wa Desemba 1919, makao yake yakiwa London. Rupia iliwekwa sawa na shilingi mbili, ikapigwa florin ya mwaka 1920, yenye uzito wa rupia lakini nusu tu ya uzito huo ni fedha. Florin haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi yenye simba mbele ya milima, uzito wake gramu 7.78, na ndani yake sehemu 250 kwa elfu, yaani robo. Hesabu yake ni gramu 1.94 za fedha safi katika kila shilingi.

Hapo yafaa msomaji asimame kidogo. Mtu wa Buret aliyepeleka rupia moja kubadilishiwa alipewa shilingi mbili. Alitoa gramu 10.69 za fedha, akapokea gramu 3.89. Mkononi mwake palikuwa na vipande viwili badala ya kimoja, vyote vipya na vyenye kung'aa, na haikosi wako waliodhani wameongezewa. Ili kupata fedha ile ile aliyoitoa, angalihitaji kupewa shilingi tano na nusu.

Je, aliibiwa? Swali hili huulizwa mara nyingi, nalo lastahili jibu lisilo na upendeleo. Kwa njia ya soko, hakuibiwa. Shilingi mbili zilimlipia kodi na kumnunulia chumvi na blanketi kama rupia moja ilivyofanya, na shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Tena bei ya fedha haikukaa juu. Ilianguka mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 1931 aunsi ikawa karibu peni 12, na madini ya rupia nzima hayakutimia peni tano. Aliyeificha rupia yake kwa kuyatumaini madini alikaa miaka mingi na kitu kisichomfaa, maana rupia ya Uhindi iliacha kuwa sarafu halali ya Kenya mwaka 1921.

Lakini kwa njia ya shauri, jibu si jepesi hivyo. Jambo hilo lilijadiliwa London na Nairobi na maofisa, mabenki na walowezi wenye madeni yao. Katika Baraza la Kutunga Sheria hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Na katika mwaka ule ule wa 1921, waajiri waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi, jambo lililomwinua Harry Thuku na wenziwe kule Nairobi. Mtu ambaye sarafu yake imepunguzwa fedha na mshahara wake umepunguzwa sarafu, yote kwa pamoja, hawezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Hayakuwa moja. Walakini hakuna aliyefanya bidii kumweleza tofauti yake, na kosa hilo si la yule asiyeelezwa.

Basi mashamba ya chai yalipofunguliwa, mfanya kazi aliyemaliza tikiti yake ya siku 30 alilipwa kwa shilingi za robo. Hizo ndizo zilizojaa katika mikebe ya Kericho kuliko sarafu nyingine zote. Si fedha safi, wala si takataka.

Robo hiyo nayo haikubaki. Baada ya vita vya pili Uingereza ilidaiwa fedha nyingi na Marekani, ambayo ilikuwa imeikopesha madini hayo wakati wa vita, na tangu mwaka 1947 ikapiga sarafu zake kwa shaba na nikeli. Bodi ya Sarafu ilifuata, na shilingi za mwaka 1948 hata 1952 hazina fedha kabisa. Kwa macho hazitofautiani sana na za kwanza: simba yule yule, ukubwa ule ule. Kwa hiyo wauzaji wasio waaminifu huzichanganya. Mwaka ukisomeka, kazi ni rahisi: shilingi za 1921 hata 1946 zina robo ya fedha, na za 1948 kuendelea hazina. Mwaka ukiwa umefutika, msomaji na atazame upande wenye kichwa cha Mfalme. Jina lake likifuatwa na herufi IND:IMP:, ambazo maana yake ni kwamba mfalme huyo ni Kaisari wa Uhindi pia, shilingi hiyo ina fedha. Uhindi ulipopata uhuru mwaka 1947 cheo hicho kilikwisha, na sarafu za 1948 zikapigwa bila herufi hizo. Kanuni hii hufaa kwa shilingi na kwa sumuni ya simba. Isitumiwe kwa senti zenye tundu, ambazo hazikuwa na fedha wakati wo wote. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Malkia Elizabeth hakupigiwa shilingi ya Afrika ya Mashariki. Uso wake uko juu ya sumuni za tangu mwaka 1954, basi. Mtu akileta shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye uso wa Malkia huyo, hakuna haja ya mizani.

Neno sumuni lenyewe latoka pwani. Maana yake ni sehemu ya nane, nayo ilikuwa sehemu ya nane ya reale. Reale hiyo ndiyo sarafu ya Maria Theresa, Malkia wa Austria, iliyokuwa fedha ya biashara Unguja, Omani na Uhabeshi kabla rupia haijatawala. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na tangu hapo reale zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizopigwa katika karne ya ishirini. Sababu ni kwamba watu wa Arabuni na Uhabeshi walikataa kupokea reale yenye uso au mwaka wasiouzoea. Walihesabu lulu za mapambo yake, wakazitazama herufi S.F. chini ya kifua chake, na kitu kimoja kikipungua waliirudisha. Kwa ajili hiyo reale ilipigwa Vienna, na baadaye katika Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham, zote zikiwa na uso ule ule na mwaka ule ule. Uzito wake ni gramu 28.07, sehemu 833 kwa elfu ni fedha, nayo ni gramu 23.39 za fedha safi. Mwaka wake ni uwongo wa wazi, uliokubaliwa na mtoaji na mpokeaji, lakini madini yake hayakusema uwongo. Kwa hiyo mtu akitaka kuuza reale kwa bei kubwa kwa kuwa ati ina umri wa miaka zaidi ya 200, na aambiwe kwamba mwaka ulioandikwa hauthibitishi neno lo lote. Na zile zinazotengenezwa siku hizi ng'ambo kwa shaba iliyopakwa fedha juu, na kuuzwa kama ukumbusho, zimeandikwa 1780 pia.

Sasa ni namna ya kupima. Mizani ya kituo cha kununulia majani chai haifai hapa, ingawa wakulima wanaijua sana kwa magomvi yake. Yatakiwa mizani ndogo inayoonyesha sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya sonara. Kwanza kabisa itumiwe sumaku: fedha haishikwi na sumaku, wala shaba, sarafu ya kale ikirukia sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi. Halafu ipimwe uzito. Rupia iliyotumika sana yaweza kupungua kidogo chini ya gramu 11.66, kwa kuwa vidole vya miaka mingi hula madini. Ikizidi uzito huo, au ikipungua gramu nzima, kuna jambo. Ukingo nao utazamwe. Rupia na shilingi zina meno yaliyo sawa kuzunguka pande zote. Reale haina meno bali ina maneno ya Kilatini yaliyoandikwa juu ya ukingo wenyewe. Sarafu bandia iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi huwa na mstari mwembamba kuzunguka ukingo, mahali kalibu mbili zilipokutana, na uso wake huwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa.

Wazee hupenda kuipiga sarafu juu ya jiwe na kusikiliza. Njia hiyo si ya kudharau. Fedha nzuri hulia mlio mrefu wa kengele, na risasi iliyochanganywa na bati hulia kama kipande cha mti. Lakini sarafu halisi yenye ufa hulia vibaya pia, na bandia ya shaba ngumu yaweza kulia vizuri, basi sikio lisiwe hakimu peke yake.

Njia iliyo bora, isiyoharibu kitu, ni ya maji. Kikombe chenye maji huwekwa juu ya mizani, na mizani hurudishwa kwenye sifuri. Sarafu hufungwa uzi mwembamba na kuteremshwa mpaka imezama yote, bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Fedha ni nzito kwa umbo lake, hivyo husukuma maji machache: rupia nzuri huonyesha gramu 1.13 hivi, na reale huonyesha 2.75 hivi. Kipande cha shaba na nikeli chenye uzito wa rupia huonyesha 1.3 au zaidi. Tofauti ni ndogo lakini mizani nzuri huiona, na mdanganyifu hawezi kuificha kwa rangi. Asidi ya sonara hufanya kazi upesi zaidi, ila huacha doa, na hupima ngozi tu ikiwa sarafu haikukwaruzwa kwanza.

Hapo hesabu ya bei huwa nyepesi. Bei ya fedha hubadilika kila siku, nayo hutangazwa kwa aunsi ya gramu 31.1. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba gramu moja ni shilingi 100. Rupia itakuwa na fedha ya shilingi 1,069. Reale, shilingi 2,339. Shilingi ya simba ya mwaka 1925, shilingi 194. Shilingi ya simba ya mwaka 1949, hakuna kitu. Sonara atakata kiasi chake, nayo ni haki, maana kuyeyusha na kusafisha kuna gharama. Lakini yule wa sokoni anayetoa bei moja kwa zote nne anajua vizuri ni ipi iliyomleta.

Wengine humwaga jivu au mchanga juu ya sarafu na kuisugua ing'ae kabla ya kuiuza. Ni kazi ya bure, tena yenye hasara. Kwa mwenye kununua madini haiongezi neno. Na kwa mkusanyaji, ambaye pengine angelipa mara nyingi zaidi ya bei ya madini, sarafu iliyosuguliwa imekwisha kuharibika. Weusi ule ni wa fedha yenyewe. Kadhalika, rangi ya manjano au kahawia juu ya shilingi ya 1921 si dalili ya ubandia. Ni robo tatu zisizo fedha zinazojitokeza.

Kuna vitu vingine huonyeshwa kwa siri na kusifiwa sana. Nchini Uhindi huuzwa vipande vya shaba vyenye picha za miungu ya Kihindu, jina la East India Company, na mwaka 1616, 1717 au 1818, ati vina nguvu za ajabu na thamani ya mamilioni. Kampuni haikupiga sarafu za namna hiyo kamwe. Rupia zake zenye uso wa mfalme au malkia zimeandikwa 1835 na 1840, nazo ni fedha nzuri isiyo na nguvu za ajabu. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916, yenye ndovu, ni ya kweli na ni ya thamani, na kwa sababu hiyo bandia zake ni nyingi. Anayeletewa na mgeni njiani na aiogope.

Sarafu za Kenya huru hazina haja ya maneno mengi. Zilianza kutolewa mwaka 1966, mwaka ulioanzishwa Benki Kuu, na zile za matumizi ya kila siku hazikutiwa fedha hata mara moja. Shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa kwa ukumbusho wa miaka 40 ya uhuru, ni madini mawili ya kawaida yaliyounganishwa, ijapokuwa uvumi huipa bei ya kuchekesha. Shilingi moja yenye twiga, iliyotolewa pamoja na nyingine mwezi wa Desemba 2018, ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku huikamata. Wengi katika mashamba hawazioni sana hizo nazo, kwa kuwa malipo huingia katika simu. Ajabu ni kwamba simu hiyo imechukua jina la pesa, sarafu ndogo ya shaba ya Uhindi.

Limebaki jambo la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina sura nzima juu ya makosa ya sarafu, na kuigiza sarafu si mchezo. Tena, kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, wala hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 imo katika hesabu hiyo. Mwenye kuiona katika mkebe wake, imeandikwa jina la Mombasa na kuchorwa mizani, asiiuze kwa uzito. Na mgeni akiitaka ili aipeleke Ulaya, na aulizwe kwanza kibali chake kiko wapi.